Kaka yupo Houston, mdogo wangu yupo Hamburg, daftari lipo kwangu Kariakoo

Mama ana swali lake moja ambalo hulirudia kila simu ya Jumapili ikianza kuwa ndefu: "Sasa kati yenu wawili, nani anakatwa zaidi?"

Safari hii tulikuwa barazani kwake Tabata, tumetoka kanisani, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai ili azione nyuso zote mbili. Huku saa saba mchana. Kaka alikuwa Houston, saa kumi na moja alfajiri, amekaa ndani ya lori lake anasubiri muda wa kuondoka na mzigo wa Oklahoma. Mdogo wangu alikuwa nyumbani kwake Hamburg, maana Jumapili kule maduka hufungwa kwa sheria. Lake la vyakula vya Kiafrika na vitenge hufunguliwa siku sita.

"Ninyi wa Ulaya mnaifanyia kazi serikali," Kaka akasema. "Mimi Texas hainidai hata senti moja ya kodi ya mapato."

"Shikamoo kwanza, Kaka," mdogo wangu akamjibu. "Halafu uniambie, ile bili ya figo umeshaimaliza?"

Mama akanigeukia. "Si wewe ndiye mwenye kazi hiyo? Wapigie hesabu tujue."

Kazi hiyo kweli ni yangu. Nina chumba ghorofa ya pili, jirani na Mtaa wa Aggrey, nawapigia hesabu wenye maduka ya vitenge, ya vipuri, ya vyombo vya plastiki. Kutwa nasikia kwamba Ulaya kodi zinaua na Marekani ndiko kwenye biashara. Wanaosema hivyo wengi wao huishia Guangzhou, China, hawajawahi kupeleka ritani, yaani taarifa ya kodi, hata moja kwenye nchi hizo. Mimi mwenyewe nilikuwa naitikia kwa kichwa. Lakini mwaka huu kitinda mimba wetu, anayeuza vikapu vya ukili, ameanza kuniuliza afungue kampuni upande gani wa bahari, na hapo kuitikia kwa kichwa hakutoshi tena.

Nikawaambia wanitumie ritani zao za mwaka 2024. Faida zao halisi ni siri yao, kwa hiyo niliziweka kando nikachukua namba moja ya kufanyia mfano: faida ya 60,000 baada ya kutoa gharama zote za biashara, dola kwa Kaka, euro kwa mdogo wangu. Nikawahesabu wote kama watu wasio na mwenza wala mtoto, kwa viwango vya mwaka huohuo. Ni makadirio, ila nimeyapitia mara tatu.

Kaka amesajili LLC ya mtu mmoja, aina ya kampuni ndogo ya Marekani. Hapa mjini mtu akisikia LLC anadhani ni kampuni kama tunavyoijua sisi, inayolipa kodi yake kando na mwenyewe. Kule, LLC ya mwenye mmoja asipoomba vinginevyo, serikali ya shirikisho haioni kampuni, inamwona mwenyewe. Faida yote inaandikwa kwenye ritani yake binafsi. Ile asilimia 21 ya kodi ya makampuni ambayo watu huisifia, iliyoshuka kutoka 35 kuanzia mwaka 2018, haimhusu Kaka hata kidogo.

Kinachomhusu kwanza ni kodi ya waliojiajiri, asilimia 15.3. Ndani yake 12.4 ni pensheni ya Social Security, na 2.9 ni Medicare, yaani matibabu ambayo kwa kawaida mtu huanza kuyapata akifikisha miaka 65. Aliyeajiriwa hukatwa nusu na mwajiri huweka nusu, kama tunavyogawana NSSF. Aliyejiajiri anazibeba nusu zote mbili mgongoni mwake. Kwa faida yetu ya mfano inatoka karibu dola 8,480. Ikifika kodi ya mapato ya shirikisho, sheria inalegea: anatoa nusu ya ile kodi ya kwanza, anatoa dola 14,600 ambazo kila mtu asiye na mwenza aliruhusiwa mwaka huo, na kuna punguzo la hadi asilimia 20 kwa biashara za mtu binafsi kama yake. Kodi yenyewe inabaki kama dola 3,700. Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi, na ile inayotoza makampuni, kwa mwaka huo haikuanza kulipwa mpaka mauzo yavuke dola 2,470,000. Jumla ni kama dola 12,200. Anazilipa kwa awamu nne, Aprili, Juni, Septemba na Januari, kila tarehe 15, kama tunavyolipa kodi ya makadirio hapa Tanzania.

Lori lina mambo yake, ambayo tayari yako kwenye gharama. Lori zito kama lake linalipa hadi dola 550 kwa mwaka kwa serikali ya shirikisho kwa kutumia barabara. Na kila robo mwaka anaandika maili alizoendesha katika kila jimbo na galoni alizonunulia humo, ili kodi ya dizeli iende kwa jimbo ambalo barabara yake ndiyo iliyokanyagwa. Kaka anaichukia karatasi hiyo kuliko zote. Mimi nilipoisoma niliipenda.

Nikageukia Hamburg. Mdogo wangu naye hana kampuni, ni mfanyabiashara binafsi. Kodi ya kwanza iliyonishtua inaitwa Gewerbesteuer, kodi ya biashara inayokwenda kwa jiji. Euro 24,500 za kwanza za faida hazitozwi. Kinachozidi kinapigwa asilimia 3.5, halafu jiji linazidisha kwa kiwango lilichojiwekea lenyewe: Hamburg mara 4.7, Berlin mara 4.1, Munich mara 4.9. Duka lilelile, mihogo ileile kwenye mizani, likihama jiji linalipa tofauti. Kwake inatoka karibu euro 5,840, na hapo hatujagusa kodi ya mapato. Nilimwandikia usiku uleule nikamwambia pole. Akacheka, akaniambia nisome mbele.

Mbele nikakuta kwamba sehemu kubwa ya kodi ya jiji inarudishwa kwa kupunguzwa kwenye kodi ya mapato. Tena michango yake ya bima ya afya inatolewa kwanza kabla kodi haijapigwa. Kodi ya mapato ingekuwa euro 10,200, baada ya punguzo inabaki kama 5,240.

Halafu ipo kodi ya kanisa. Alipofika Ujerumani akaenda kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi, kwenye karatasi kulikuwa na sehemu ya dini. Akaandika Mlutheri, kama tulivyolelewa KKKT. Hakujua kwamba kwa kuandika hivyo amejiunga na orodha ya watozwaji: Ujerumani serikali hukusanya mchango wa Wakatoliki na Walutheri pamoja na kodi ya mapato, asilimia 9 ya kodi hiyo kwa Hamburg, 8 kwa Bavaria na Baden-Württemberg. Kwa mfano wetu ni kama euro 920 kwa mwaka. Anaweza kujitoa rasmi, wenzake wengi wamejitoa. Yeye amekataa. Nilipomweleza Mama, alifikiri kidogo akasema, "Kwa hiyo serikali ndiyo inayompelekea bahasha yake ya ahadi." Ndiyo hivyo hasa, Mama, na haijali kama mwezi ulikuwa mbaya.

Nikajumlisha: kama euro 12,000.

Nilizitazama namba hizo mbili kwa muda mrefu, 12,200 na 12,000. Kila mmoja anatoa moja ya tano ya faida yake. Miaka yote wanagombana kwenye simu, na kodi zenyewe, kwa faida ya ukubwa huo, ni pacha.

Tofauti imekaa kwenye yale ambayo kila mmoja anaendelea kuyanunua baada ya kodi. Kaka ametoa 12,200, lakini leo akiugua hazimsaidii, kwa sababu sehemu kubwa imewekwa kwa ajili ya uzee wake. Kwa hiyo ananunua bima, dola 480 kwa mwezi, na bima hiyo inaanza kufanya kazi barabara pale anapokuwa ameshalipa mfukoni dola 7,000 za kwanza za mwaka. Mwaka juzi mawe ya figo yalimkamata akiwa Arkansas. Akabebwa na gari la wagonjwa, akalala usiku mmoja, na bili zikamfuata nyumbani moja moja kwa miezi minne, ya gari, ya hospitali, ya daktari, ya picha. Alizilipa kwa mafungu mpaka zile 7,000 zikaisha. Nilikuwa nampigia simu nasikia sauti ya mtu anayekokotoa. Ukizijumlisha na kodi na bima, mwaka wa namna hiyo unamtoa karibu dola 25,000.

Mdogo wangu analazimika kuchangia bima ya afya na ya uuguzi, karibu moja ya tano ya faida yake, kama euro 11,800 kwa mfano wetu. Ndizo zinazomuuma, hizo, kuliko kodi. Hazina mwaka mzuri wala mbaya. Lakini alipofanyiwa upasuaji wa uvimbe mwaka jana alilala hospitali siku nne, na alichodaiwa mkononi ni euro 40, kumi kwa kila siku. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimeanza kuchangisha ndugu kwenye grupu la familia, akaniandikia: dada, warudishie.

Ukiishia hapo utasema mdogo wangu ameshinda. Mimi nisingeishia hapo, maana kwenye namba zake hakuna pensheni. Sheria ya Ujerumani haiwalazimishi wafanyabiashara wengi wa aina yake kuchangia pensheni ya taifa, na yeye bado hajaanza kuweka. Kaka, apende asipende, kila mwaka dola 6,870 kati ya zile zake zinakwenda kwenye uzee wake. Mdogo wangu akitaka kuwa sawa naye lazima azitoe mwenyewe, juu ya 23,800 ambazo tayari zimeondoka. Hilo nimemwambia kwa ukali wa dada, na nitamwambia tena.

Kwa hiyo jibu langu kwa Mama lilikuwa hili: mwaka ambao wote wazima, Kaka anabaki na zaidi, kama 42,000 kwake na 36,000 kwa mdogo wangu. Mwaka wa ugonjwa wanakaribiana sana, na Kaka anaweza kuanguka chini zaidi. Sipendi mfumo unaomfanya mtu mwenye lori aogope maumivu ya tumbo. Lakini sitamdanganya mtu kwamba Kaka amekosea hesabu.

Na hiyo ni Texas. Angekuwa California, LLC yake ingedaiwa dola 800 kila mwaka hata asipopata faida, na juu yake kodi ya mapato ya jimbo. Texas nayo inajitafutia kwingine, hasa kwenye kodi za nyumba na ardhi, na Kaka ana nyumba. Ulaya vilevile haina bei moja. Hungary inatoza makampuni asilimia 9 tu, ya chini kuliko wote kwenye Umoja wa Ulaya, halafu VAT yake, kodi ya ongezeko la thamani, ni 27, ya juu kuliko wote. Ireland ni 12.5 kwa faida za biashara. Denmark ni 22 kwa makampuni na VAT 25. Ujerumani, kampuni iliyoko Hamburg inatoa kama 32 ukichanganya na kodi ya jiji, zaidi kidogo ya 30 yetu ya Tanzania. Mtu akikuambia "kodi ya Ulaya," muulize jiji.

Kuajiri ndiko ninakoona Ulaya inamuumiza kweli mwenye duka dogo. Mdogo wangu anatamani msaidizi wa kutwa. Kila euro 100 ya mshahara, yeye mwajiri anaongeza kama 21 za michango. Sweden ni 31.42. Kaka akimwajiri dereva wa pili, sehemu yake ya lazima kwa serikali ya shirikisho ni asilimia 7.65 na kodi ndogo ya ukosefu wa ajira. Mdogo wangu amepiga hesabu mara mbili, na mara zote mbili ameamua kuendelea kufungua duka mwenyewe saa tatu asubuhi na kulifunga mwenyewe saa mbili usiku. Kuna binti wa watu pale Hamburg hana kazi kwa sababu ya hizo 21.

VAT nitaipitia haraka, maana sisi wa Kariakoo tunaijua. Ilianzia Ufaransa mwaka 1954, na nchi zote za Umoja wa Ulaya wanayo. Marekani hawana. Wao wana kodi ya mauzo inayotozwa mara moja tu mwishoni, kwa mnunuzi. Texas ni 6.25, na miji inaweza kuongeza hadi 2. Mwenye duka Houston hasumbuki kudai kodi aliyolipa kwenye manunuzi. Mdogo wangu anapeleka ritani ya VAT kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata; sisi tuna hadi tarehe 20. Na lazima ajue bidhaa zake: unga na mihogo ni asilimia 7, vitenge ni 19, na vinywaji vingi pia ni 19. Mwanzoni alitoza 7 kwenye juisi ya ukwaju, akihesabu ni chakula. Wakaguzi walipopita, tofauti ya miaka miwili ilitoka mfukoni mwake pamoja na riba. Sasa kwenye rafu ameweka vibandiko vya rangi mbili.

Turudi kwa kitinda mimba na vikapu vyake, kwa sababu yeye ndiye aliyenikosesha usingizi. Rafiki zake wenye kompyuta mpakato kule Mikocheni wamemwambia afungue LLC ya Delaware, au kampuni ya Estonia, "hakuna kodi." Kuna ukweli nusu ndani yake. LLC ya Delaware inalipa jimbo dola 300 kwa mwaka basi. Estonia, ambayo tangu Desemba 2014 inatoa ukazi wa kidijitali kwa wageni, haitozi faida iliyobaki ndani ya kampuni, inasubiri uigawe, na tangu 2025 kiwango ni 22.

Nusu ya pili nilimsomea nikiwa nimemshika mkono. LLC ya Marekani ya mgeni mmoja lazima ipeleke fomu inayoitwa 5472 kila mwaka ambao mwenyewe ameweka au kuchukua pesa kwenye kampuni, hata kodi ikiwa sifuri. Ukiisahau, faini inaanzia dola 25,000. Hizo ni zaidi ya vikapu vyote alivyowahi kuuza maisha yake. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 2018 kuhusu Wayfair, kampuni inayouza mtandaoni, majimbo yanaweza kumdai muuzaji wa mtandaoni akusanye kodi yao ya mauzo hata kama hana duka humo, mauzo yakizidi kiwango cha jimbo. Na vifurushi visivyozidi dola 800, vilivyokuwa vikiingia Marekani bila ushuru, nafuu hiyo iliondolewa Agosti 2025.

Halafu kuna sheria yetu wenyewe. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inasema kampuni inayoongozwa kutoka Tanzania ni mkazi wa Tanzania, hata kama cheti chake kimetoka Tallinn, mji mkuu wa Estonia. Mkazi anatozwa mapato yake ya dunia nzima. Kijana anayekaa Tabata, anayeamua bei akiwa Tabata, anayefunga vikapu sebuleni kwa Mama, kampuni yake iko Tabata. Na Tanzania haina mkataba wa kuepusha kutozwa kodi mara mbili na Marekani wala Ujerumani wala Estonia. Ulaya tunayo na Denmark, Sweden, Norway, Finland na Italia.

Alinuna. Siku mbili hakuja kula kwangu. Siku ya tatu akaja na karatasi, akauliza, "Kwa hiyo dada, nifanyeje?"

Tumesajili jina BRELA, kwa wasajili wa biashara, ana TIN yake, namba ya mlipakodi, na kwa mauzo aliyonayo bado yuko mbali sana na milioni 200 za kuingia VAT. Vikapu vya kutoka Tanzania vinaingia Umoja wa Ulaya bila ushuru wa forodha, kwa nafuu waliyozipa nchi zilizo nyuma kimaendeleo, na kwa mzigo usiozidi euro 6,000 tamko la asili ya bidhaa anaweza kuliandika mwenyewe kwenye ankara. VAT ya 19 ya kuingizia mzigo atailipa mdogo wangu kule bandarini, ataidai kwenye ritani ya tarehe 10, kisha atamtoza mteja kama anavyotoza kitenge.

Vikapu arobaini vya kwanza viko sebuleni kwa Mama. Alhamisi tunavifunga. Mama ameshasema yeye ndiye atakayevihesabu, na Kaka ameuliza kwenye simu kama kuna cha kwenda Houston pia, anitumie anuani nimtafutie ushuru wake ni kiasi gani sasa. Nimemwambia anipe hadi mwisho wa mwezi, ritani za wateja zikishapita.